Kijiji Kisigeuke Mahame: Ulinganisho wa Mikakati ya Kukabili Kupungua kwa Watu Vijijini

Kijiji hupungua watu kwa njia mbili: kuna wanaohama, na kuna wanaofariki bila kuzaliwa wa kushika nafasi zao. Katika takwimu za sensa njia hizo huonekana kuwa tatizo moja, kwa kuwa zote huishia katika tarakimu ndogo kuliko ile ya miaka kumi iliyopita, lakini dawa ya moja si dawa ya nyingine, na fedha nyingi za umma zimepotea kwa sababu waliozipangia matumizi hawakutenganisha mambo hayo mawili. Kinachozidisha ugumu ni kwamba ya kwanza huzaa ya pili, kwani kijana anayeondoka akiwa na miaka ishirini huondoka pia na watoto ambao angewapata hapo.

Kwa hiyo, kabla ya kuweka mkakati mmoja kando ya mwingine, inafaa kufungua daftari la wakazi na kuhesabu mambo matatu: wanawake wa miaka 20 hadi 39 ni wangapi, vifo vimezidi vizazi kwa kiasi gani katika miaka mitano iliyopita, na waliohama walikuwa na umri gani siku walipofunga mizigo. Hesabu ya kwanza ndiyo iliyotumiwa Japani mwaka 2014 na jopo lililoongozwa na Hiroya Masuda, gavana wa zamani wa mkoa wa Iwate, lilipotangaza kwamba manispaa 896 zilikuwa katika hatari ya kutoweka kwa kuwa zingepoteza nusu au zaidi ya wanawake wa umri huo kufikia mwaka 2040. Italia, katika mkakati wake wa kitaifa wa maeneo ya ndani, ilichagua kipimo tofauti: ni dakika ngapi kutoka kijijini hadi mahali penye sekondari ya juu, hospitali yenye kitengo cha dharura na stesheni ya treni. Kipimo cha Japani kinaonyesha ugonjwa umefika wapi, na cha Italia kinadokeza chanzo chake. Anayetaka kuchagua anavihitaji vyote viwili, ila kama muda unaruhusu kimoja tu, mimi ningeanza na cha Italia, maana dakika za barabarani zinaweza kupunguzwa kwa uamuzi wa bajeti, ilhali umri wa wakazi haupunguzwi na yeyote.

Kulipia uzazi

Mkakati huu ndio unaopendwa zaidi na wanasiasa wa ngazi ya taifa, na ndio unaokisaidia kijiji kidogo kwa uchache zaidi. Hungaria imetumia fedha nyingi kuliko mataifa mengi katika mikopo ya nyumba na unafuu wa kodi kwa wazazi, na tangu mwaka 2020 mama wa watoto wanne hatozwi kodi ya mapato ya kazi yake maisha yake yote. Kiwango cha uzazi kilipanda kutoka takriban watoto 1.2 kwa kila mwanamke mwaka 2011 hadi karibu 1.6 mwaka 2021, kisha kikarudi chini ya 1.4 kufikia mwaka 2024. Kupanda huko si jambo la kubeza, lakini kushuka kwake kunaonyesha kwamba sehemu ya mafanikio ilikuwa watu kuharakisha watoto ambao wangewazaa baadaye.

Kwa kijiji, hesabu ni kali zaidi. Tuchukue kijiji cha mfano chenye watu 600, ambacho kimebakiwa na wanawake 30 wa umri wa kuzaa. Hata kama wote, kwa wastani, wangeongeza nusu mtoto juu ya idadi ambayo wangezaa bila ruzuku, jumla yake ni watoto 15 katika kipindi cha miaka ishirini, yaani pungufu ya mtoto mmoja kwa mwaka. Kijiji hichohicho, kikiwa na wazee wengi, kinaweza kuzika watu kumi kila mwaka. Mji mdogo wa Nagi, katika mkoa wa Okayama huko Japani, unasifiwa kwa haki kwa kufikisha kiwango cha uzazi cha 2.95 mwaka 2019 kutokana na malezi ya bei nafuu, matibabu ya bure kwa watoto na nyumba za kupanga kwa familia changa. Hata hivyo idadi ya wakazi wake, ambayo haifiki 6,000, imeendelea kupungua. Ukiutazama vizuri, Nagi haukununua watoto, bali uliwarahisishia maisha wazazi ambao tayari walikuwa wameamua kukaa, na hilo ni jambo la kundi lingine kabisa la mikakati.

Kulipia kuja, na kulipia kukaa

Hapa ndipo penye uchaguzi mkubwa, na ndipo panapochanganywa zaidi. Kulipia kuja ni kumpa mgeni fedha au nyumba ili avuke kizingiti. Kulipia kukaa ni kumpunguzia mkazi gharama kila mwaka anaoendelea kuishi hapo, awe mgeni au mzaliwa.

Kijiji cha Albinen, katika milima ya Uswisi, kikiwa na wakazi wapatao 240, kilipiga kura mwaka 2017 kutoa faranga 25,000 kwa kila mtu mzima na 10,000 kwa kila mtoto anayehamia. Vyombo vya habari vya dunia nzima viliripoti kana kwamba fedha zilikuwa zikigawiwa barabarani, na kijiji kikafurika maombi ya watu wasiokuwa na sifa. Masharti yalikuwa magumu: mwombaji awe na umri chini ya miaka 45, anunue au ajenge nyumba yenye thamani isiyopungua faranga 200,000, na akae miaka kumi au arudishe fedha. Kwa maneno mengine, ruzuku ile ilimlenga mtu aliyekwisha kujiweza na ambaye kazi yake ilikuwa karibu, katika bonde la chini. Kwa kijiji chenye ajira umbali wa kuendesha gari asubuhi na kurudi jioni, mpango wa namna hiyo una mantiki. Kwa kijiji kisicho na ajira jirani, hata fedha mara mbili ya hizo zisingetosha.

Nyumba za euro moja za Italia zinafanana na Albinen kwa sura tu. Mji wa Sambuca di Sicilia uliweka nyumba 16 mnadani mwaka 2019, bei ya kuanzia ikiwa euro 1, na miji mingi mingine imefanya hivyo kwa taratibu zake. Mnunuzi kwa kawaida huweka dhamana ya euro elfu kadhaa, huwasilisha mchoro wa ukarabati ndani ya mwaka mmoja, na hupewa miaka mitatu hivi kuukamilisha, akishindwa dhamana inataifishwa na halmashauri. Kinachonunuliwa hasa ni gofu: paa limebonyea, umeme wa kuunganishwa upya, na ngazi ya mawe ambayo fundi hapandi mpaka iwekewe mihimili. Mafundi na maduka ya vifaa vya ujenzi hunufaika, mitaa husafishika, na nyumba nyingine zisizokuwa mnadani huuzwa kwa bei ya kawaida kwa wale waliovutiwa na habari. Ila wanunuzi wengi ni watu wa likizo. Anayelala hapo wiki nne kwa mwaka hampeleki mtoto shuleni wala haitumii zahanati mwezi wa Februari, na huduma hufungwa kwa takwimu za Februari. Kama lengo ni kuokoa majengo, mkakati huu unatosha, lakini kama lengo ni kuokoa shule, usitegemewe.

Kando ya hayo tuiweke Norwei. Tangu mwaka 1990 mkoa wa Finnmark na manispaa jirani za Nord-Troms zimekuwa eneo lenye nafuu maalumu: mkazi hulipa kodi ya mapato ya kiwango cha chini kuliko mwenzake wa kusini, mwajiri halipi mchango wa hifadhi ya jamii ambao kwingineko hufikia asilimia 14.1, umeme wa nyumbani hautozwi kodi ya ongezeko la thamani, na mwenye mkopo wa elimu ya juu hufutiwa sehemu yake, asilimia kumi kwa mwaka hadi ukomo uliowekwa, kwa kila mwaka anaofanya kazi hapo. Utaratibu huu wa mkopo ni wa busara kwa sababu unamlenga mwalimu, muuguzi na mhandisi, yaani watu ambao kukosekana kwao ndiko kunakowafukuza wengine, na unamlipa baada ya kukaa, si kabla. Idadi ya watu wa Finnmark imebaki karibu na 75,000 kwa miongo mitatu, jambo ambalo kwa eneo la kaskazini kiasi hicho si dogo, ingawa ndani ya mkoa miji kama Alta imekua huku vijiji vidogo vya pwani vikiendelea kupungua.

Kasoro ya kulipia kukaa ni gharama. Unamlipa pia yule ambaye asingeondoka kamwe, na hulipi mara moja bali miaka yote. Serikali isiyo na uhakika wa bajeti ya miaka kumi ijayo isiianze njia hii, kwa maana kuahidi na kukatisha huharibu kuliko kutoahidi. Faida yake ni kwamba haigawanyi kijiji. Serikali ya Uskoti ilipopendekeza mwaka 2021 kutoa hadi pauni 50,000 kwa kaya ambazo zingehamia au kubaki katika visiwa vyake, wakazi wengi walijibu kwamba shida yao ni nyumba, vivuko na malezi ya watoto, na mpango ukafutwa mwaka uliofuata kabla haujaanza. Mtu aliyevumilia miaka ishirini bila kivuko cha kuaminika ana haki ya kuuliza kwa nini fedha zinaanza kupatikana anapokuja mwingine.

Katikati ya njia hizo mbili kuna ile ya Japani ya mwaka 2009, inayomwajiri mtu wa mjini kwa muda usiozidi miaka mitatu kufanya kazi ya kijamii kijijini, kuanzia kilimo na utalii hadi kuhudumia wazee, kwa gharama ya serikali kuu. Walianza 89, na kufikia mwaka 2023 walizidi 7,000. Zaidi ya nusu ya wanaomaliza muda hubaki katika eneo walilotumikia au karibu nalo. Naipenda njia hii kwa sababu moja hasa: inampa mgeni cheo na kazi ya kufanya tangu siku ya kwanza, hivyo wenyeji wanamjua kwa anachofanya kabla ya kumjua kwa alichopewa.

Kuanza na shule au kuanza na ajira

Wapangaji hubishana sana juu ya hili, na miji miwili ya Japani inatoa majibu mawili.

Mji wa Ama, katika visiwa vya Oki, ulichagua shule. Sekondari ya juu ya Dozen, ambayo huhudumia visiwa vitatu, ilibakiwa na wanafunzi wasiofika mia moja na ilikuwa ikielekea kufungwa. Maana ya kufungwa kwake ilieleweka na kila mzazi: mtoto akifika miaka 15 angelazimika kuvuka bahari kwenda bara, kulipiwa bweni na nauli, na familia zenye watoto wawili au watatu zingeona ni nafuu kuhama zote. Badala ya kupigania ruzuku ya kuiendeleza ilivyokuwa, mji na shule waliigeuza iwe shule ambayo vijana wa miji mikubwa wangeitamani, yenye masomo yanayofundishwa kupitia matatizo halisi ya kisiwa, na kuanzia mwaka 2010 wakafungua milango kwa wanafunzi kutoka kote nchini. Idadi ya wanafunzi ikakaribia kuongezeka maradufu. Wengi wa wageni hao huondoka wakihitimu, na hilo halikuwa siri kwa waliopanga. Kilichookolewa ni sababu ya wazazi wa kisiwani kubaki.

Mji wa Kamiyama, katika milima ya Tokushima, ulianza na ajira, lakini kwa kuchagua wa kuja nayo. Mkoa huo ulikuwa umetandaza mkongo wa mawasiliano mapema kuliko mingi, na mwaka 2010 kampuni ya teknolojia ya Tokyo ilifungua ofisi ndogo katika nyumba ya zamani, ikafuatwa na nyingine. Kabla ya hapo, kikundi cha wenyeji kilikuwa kimeanza kuitangaza nyumba tupu kwa kutaja fani: nyumba hii kwa mwoka mikate, hii kwa mbunifu wa tovuti. Mwaka 2011 waliohamia Kamiyama walizidi waliohama. Jumla ya wakazi imeendelea kushuka kwa sababu ya vifo, lakini umri wa kijiji umeanza kubadilika, na mwaka 2023 chuo cha ufundi kilifunguliwa hapohapo.

Katika kuchagua kati ya hizo mbili, jambo la kuangalia ni umri wa wanaoondoka. Wakiondoka wakiwa na miaka 15 au 16, au wazazi wakihama mtoto anapofika umri huo, tatizo ni shule, na mkongo hautaliondoa. Wakiondoka baada ya chuo na kutorudi, tatizo ni ajira na nyumba, na shule nzuri itaharakisha tu kuondoka kwao. Jambo moja husahauliwa katika njia zote mbili: ajira inayohitajika si moja bali mbili kwa kaya. Daktari aliyepatikana kwa shida huondoka baada ya mwaka kwa sababu mwenzi wake amekaa nyumbani bila kazi, na kikao cha halmashauri huandika katika kumbukumbu kwamba daktari hakupapenda.

Kuhusu nyumba, kisiwa cha Eigg huko Uskoti ni cha kuangaliwa na yeyote mwenye vijiji ambavyo ardhi yake iko mikononi mwa mmiliki mmoja au wachache wasioishi hapo. Wakazi wapatao 65 waliongoza ununuzi wa kisiwa mwaka 1997 kupitia amana ya kijamii, na kufikia mwaka 2008 walikuwa na mtandao wao wa umeme wa maji, upepo na jua, ambamo kila nyumba ina ukomo wa kilowati 5 kwa wakati mmoja ili wote wapate. Leo wamepita mia moja. Ruzuku haikuwa kiini cha mabadiliko hayo. Kiini kilikuwa mkataba wa pango wa muda mrefu, unaomruhusu kijana kujenga bila hofu ya kufukuzwa na mwenye ardhi.

Kukaribisha wahamiaji kutoka nje ya nchi

Hii ndiyo njia ya haraka kuliko zote, na ndiyo inayobadilisha hesabu ya umri kwa kweli, kwa kuwa wanaokuja ni vijana na wana watoto. Swali ni kinachowashika. Australia hutumia viza: mwenye kibali cha mikoani kilichoanza Novemba 2019 lazima aishi na kufanya kazi nje ya miji mikubwa ya Sydney, Melbourne na Brisbane kwa angalau miaka mitatu kabla ya kuomba ukaazi wa kudumu. Kijiji cha Aguaviva, mkoani Teruel nchini Hispania, kilitumia ahadi: kuanzia mwaka 2000 meya wake alizialika familia zenye watoto wasiopungua wawili, hasa kutoka Argentina na Romania, ili zikae miaka mitano. Riace, kusini mwa Italia, ilitumia majengo matupu kuwapokea wakimbizi tangu mashua ya Wakurdi ilipofika pwani yake mwaka 1998, ikapata watoto wa kujaza madarasa na mafundi wa kufungua karakana. Fedha za serikali kuu zilipokatwa mwaka 2018, wengi waliondoka.

Viza hushika kwa muda wake, ahadi hushika kidogo zaidi ya neno, na fedha ya nje hushika mpaka siku inapokoma. Mahali ambapo wahamiaji wamebaki ni pale walipokuwa wengi kiasi cha kutokuwa wapweke na pale ajira zilipokuwa zaidi ya aina moja. Kuleta familia mbili tatu za lugha moja na kuziweka katika vijiji vitatu tofauti kwa ajili ya usawa ni kosa la kiofisi linalorudiwa sana. Ni afadhali zikae katika kijiji kimoja.

Kupungua kwa utaratibu

Kuna vijiji ambavyo daftari lao haliachi nafasi ya njia yoyote kati ya hizo, na hapo uchaguzi unaobaki ni kati ya kupungua kwa mpango na kupungua kwa kusukumwa. Mji wa Yubari, Hokkaido, kaskazini mwa Japani, ulikuwa na watu wapatao 117,000 mwaka 1960, enzi za makaa ya mawe. Migodi ilipofungwa, wa mwisho ukiwa mwaka 1990, mji ulikopa kujenga vivutio vya utalii vikubwa kuliko uwezo wake, na mwaka 2007 ukawekwa chini ya usimamizi wa kifedha wa serikali. Shule zikaunganishwa hadi ikabaki moja ya msingi, hospitali ikageuzwa zahanati yenye vitanda 19, na wakazi sasa hawafiki 7,000. Toyama, mji mwingine wa Japani, mkubwa kuliko Yubari na wenye vitongoji vilivyotawanyika, ulianza mapema: mwaka 2006 uliifufua reli ya zamani iwe ya treni nyepesi, ukatoa ruzuku kwa wanaojenga kando ya njia zake, na kuwatoza wazee nauli ya yeni 100 kufika katikati ya mji. Watu hawakuamriwa kuhama. Walivutwa polepole kuelekea mahali ambapo huduma zingeweza kudumu.

Kati ya mwaka 1954 na 1975, jimbo la Newfoundland nchini Kanada liliwahamisha watu wapatao 30,000 kutoka vijiji karibu 300 vya pwani, baadhi yao wakizivuta nyumba zao juu ya maji kwa mashua hadi makazi mapya. Kinyongo cha enzi hiyo ndicho kilichofanya utaratibu wa sasa uwe wa kura: serikali hailipi fidia ya kuhama mpaka wakazi wa kudumu waikubali kwa wingi mkubwa. Katika kijiji cha Little Bay Islands sharti lilikuwa asilimia 90, na kura ya kwanza ilifika asilimia 89.47. Kwa miaka kadhaa majirani waliishi wakijua nani alipiga kura ya kubaki, na wachache hao waliwaona wenzao kuwa wamewauza. Mwaka 2019 kura ilirudiwa na wote wakakubali. Tarehe 31 Desemba mwaka huo umeme ukazimwa, kivuko kikasimamishwa, na mume na mke mmoja waliochagua kubaki licha ya kura hiyo wakabaki na paneli zao za jua.

Halmashauri itakayoichagua njia hii iamue mapema mambo matatu, kabla ya jina la kijiji chochote kutajwa: kiwango cha kura kitakachotosha, kiasi cha fidia kwa kila kaya, na ni nani atakayeyatunza makaburi.